Ombi la kuweka sikio langu la kulia chini ya utawala wa dharura

Butembo, Jumatatu asubuhi, umeme ukiwapo

Kwa Mheshimiwa Mwenye Kamba, Mwenye Dirisha na Mwenye Muhuri,
Barabara ya Butembo hadi Beni, pande zote mbili

Mheshimiwa,

Nina heshima kubwa na taadhima ya kuja mbele ya mamlaka yako tukufu. Sentensi hii naijua kama jina langu. Huu mwaka wa kumi na tisa naichapa kwa ajili ya wengine, franga mia tano kwa ukurasa, katika kibanda changu cha sekretaria chenye kompyuta mbili na printa moja inayokohoa. Wajane, wanafunzi, walimu wasiolipwa, wenye viwanja vilivyouzwa mara tatu, wote wamekuja mbele yako kwa vidole vyangu. Leo nimejichapia mwenyewe. Bei nimejipunguzia.

Nimepoteza aparei yangu ya sikio.

Sikio la kushoto lilikufa nikiwa na miaka sita, homa ya uti wa mgongo ikaondoka nalo. La kulia iliniachia nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyokuwa inaishi kwa msaada wa aparei. Ilipotea kwenye kamba yako moja ya kizuizi cha barabarani, ambayo sitaitaja, maana zote ni ndugu. Tangu Goma iingie mikononi mwa waasi wa M23 mwisho wa Januari 2025, makaratasi ya mkoa tunayafuata Beni, kilomita 54, nami nilikuwa nafuata karatasi ya mteja. Tulishuka kwenye taksi kama kawaida, tukapanga mstari, kila mtu na kadi yake ya mpiga kura mkononi, tuvuke kwa miguu. Nyuma kidogo, karibu na Maboya, aparei ilikuwa imenilia mara mbili, ule mlio wake wa kusema betri inakata roho. Nikajiambia nitabadilisha Beni. Ikazimika hatua tano kabla ya kamba.

Afande akaniita kutoka nyuma. Akaniita tena. Mara ya tatu hakuniita kwa mdomo.

Kitako cha bunduki kiliponifika begani, kofia iliruka, na aparei ikaifuata. Ni kitu cha ukubwa wa haragwe, Mheshimiwa, na aliyekitengeneza, Mungu amsamehe, alikipaka rangi ya kaki, rangi ileile ya vumbi la barabara yako. Nikapiga magoti, nikapekua chini kama kuku. Miguu ikanipita: viatu vya plastiki, buti, kandambili za wamama, gurudumu la pikipiki lililopita polepole sana mahali ambapo nisingependa lipite. Halafu uso wa afande ukainama mbele ya uso wangu, midomo inakwenda.

Mimi nasoma midomo. Ya Kiswahili nasoma, ya Kinande nasoma vizuri zaidi, na Kifaransa cha maofisini nakisoma hata mwenyewe akiwa anatafuna karanga. Afande alikuwa anasema Kilingala. “Ozoyoka te?” Ndivyo dereva alivyoniandikia baadaye kwa kidole, kwenye vumbi la kioo cha gari: alikuwa anauliza kama husikii. Mimi nilidhani anauliza natafuta nini. Nikamjibu.

“Sikio langu.”

Akanusa mdomo wangu, atafute pombe ya kasiksi. Hakuipata. Nikamwonyesha tundu la sikio, nikamwonyesha betri za akiba mfukoni. Hakutaka ndewe wala sikio. Ndipo mwenzake, mtoto wa huku huku kwetu, akasema neno moja ambalo sikuhitaji kutafsiriwa, kwa kuwa nimelisoma kwenye midomo ya watu wako tangu nilipoanza kusoma midomo.

“Unajifanya.”

Mheshimiwa, naomba ruhusa nitoke kidogo kwenye mstari wa heshima.

Aliyekatwa mguu hamumwambii anajifanya. Asiyeona mnampisha, wakati mwingine hata mnamshika mkono. Sisi ndio kila dirisha, kila kamba, kila benchi la zahanati, tunaanza upya kuapa kwamba ukimya wetu ni wa kweli. Nijifanye nisisikie nini? Ni neno gani tamu mliwahi kunitamkia, hata niamue kujinyima kwa makusudi? Huku kwetu mtu asiyegeuka akiitwa gizani ni adui, na asiyeamka bunduki zikilia ni maiti. Mke wangu hulala na kipande cha kitenge mkononi, ncha ya pili imefungwa kwenye kifundo cha mguu wangu. Milio ikianza, anavuta. Kuna usiku anavuta kwa sababu ya ngurumo tu, kisha tunakaa wawili kitandani, yeye anasikiliza, mimi namtazama anavyosikiliza. Mtu anayeishi hivyo, ndiye mnamwambia anajifanya. Mjinga ni nani hapo, na mwigizaji ni nani?

Basi. Narudi kwenye mstari. Samahani kwa usumbufu.

Nilifika kwenye dirisha lako kutafuta karatasi ya kushuhudia kwamba nimepoteza aparei. Nikatakiwa kwanza niwe na karatasi ya kushuhudia kwamba nilikuwa sisikii kabla ya kuipoteza. Hiyo hutolewa dirisha la pili, ambako watu huitwa majina kwa mdomo, na mwitaji amekaa ndani nyuma ya kioo, ameinamia rejista, kalamu iko katikati ya meno. Siku ya kwanza niliitwa mara tatu. Nimeambiwa hivyo na mama mmoja mwenye kikapu cha maparachichi, aliyenigusa goti wakati mwitaji amekwisha fika kwa watu wa herufi M. “Tulikuita, hukuitika. Kesho.” Siku ya pili hivyohivyo, ila mama wa maparachichi hakuwapo. Siku ya tatu nikakaa mbele kabisa, nikakodolea meno yale na kalamu ile kwa saa nne bila kwenda hata kukojoa, mpaka nikaliona jina langu likitoka. Nikasimama mara moja. Karani akanitazama toka juu hadi chini, akaweka kalamu mezani ili nimsome vizuri.

“Umeitwa mara moja tu, ukaja. Sasa wewe ni kiziwi gani?”

Sheria ninaijua, usidhani. Ile ya tarehe 3 Mei 2022, namba 22/003, ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, nimeichapa nakala kumi na mbili kwa ajili ya wateja. Kifungu cha 49 cha Katiba kinachotuahidi ulinzi wa pekee nimekichapa pia. Karatasi nzuri, haikwami kwenye printa.

Sasa bei. Ile iliyolala vumbini ilitoka dola mia nne na ishirini, mbuzi sita wa Lubero wenye afya, nami nililipa kwa miezi kumi na minne. Mji huu si mji wa watu wasiojua kuagiza vitu. Wafanyabiashara wetu huenda Guangzhou na Dubai kama wengine wanavyokwenda kisimani. Ukitaka mabati utapata kontena, ukitaka pikipiki utaletewa ikiwa vipande sandukuni. Lakini sikio haliagizwi, Mheshimiwa. Sharti ulipeleke mwenyewe. Kampala watakufungia kwenye chumba kisicho na mwangwi, wakupimie mlio mmoja baada ya mwingine, wakujaze tundu la sikio kitu laini kama fufu kishike umbo lake, halafu wakuambie urudi kikiwa tayari. Urudi! Yaani mpaka wa Kasindi mara nne, kwenda na kuja mara mbili, na kwenye kila safari kamba ngapi sisemi, nisije nikaonekana nadai chenji. Tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na mpaka wa kwanza unaonishinda uko kabla sijatoka Butembo.

Betri nazo zina kisirani chake. Yangu ni namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya chungwa. Ukibandua kibandiko inaanza kunywa hewa, na hapo siku zake zinahesabika, uivae usiivae. Wauza saa wa hapa hunionyesha betri ya saa wakiapa ni ileile. Kuna pia kile kikuza sauti cha dola kumi kinachouzwa pamoja na chaja na tochi. Nimekijaribu. Mbu akawa helikopta ya walinda amani wa MONUSCO, na mke wangu akawa mbu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, baada ya kutafakari kwa kina, nimeona dawa ni moja, nayo iko mikononi mwako. Utawala wa kiraia wa sikio langu umeshindwa. Nakubali bila kujitetea. Naomba sikio langu la kulia liwekwe chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, ile etadesyeji yetu tuliyoizoea.

Utawala wa kiraia uondolewe, kama mlivyowaondoa magavana na mameya wa Kivu Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, na mahali pake akae kanali. Ateuliwe kwa amri inayosomwa kwenye televisheni usiku, wakati umeme umekatika. Afike na jipu tatu, ashukie kwenye ndewe, akague gwaride la vinyweleo. Naibu wake awe polisi, kulinda desturi. Atangaze mara moja amri ya kutotembea: kuanzia saa mbili usiku, neno lolote lisionekane njiani kati ya tundu na kiwambo. Mchana maneno yapite kwa mstari mmoja, yameshuka kwenye sentensi zao, kila moja na kadi ya mpiga kura. Ya Kilingala yapite bila kukaguliwa. Minong'ono ikamatwe yote, maana mwenye nia njema husema kwa sauti. Nta, ambayo imeishi humo tangu enzi ya Mobutu bila kulipa kodi, itambuliwe, isajiliwe, ikabidhi silaha na kurudishwa katika maisha ya raia. Na mtu yeyote atakayedai kwamba halisikii vizuri kuliko zamani, kesi yake iende mahakama ya kijeshi.

Muda uwe siku 30. Kisha 15. Kisha 15. Bunge lipige kura kila mara, waheshimiwa wainue mikono, wapige makofi (nasikia makofi hupigwa), na mimi niwe hapa Butembo nimelaza kichwa upande, nasubiri. Baada ya miaka miwili ifanyike meza ya duara huko Kinshasa, siku tatu, kama ile ya Agosti 2023, kutathmini iwapo sikio lililoko Butembo limeanza kusikia. Likionekana bado, utakuwa ushahidi kwamba muda haukutosha, uongezwe. Kupima si tatizo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba, katika kila nchi maskini 100, 93 hazifikishi hata mtaalamu mmoja wa kupima usikivu kwa kila watu milioni; sisi tunao maafande, nao wanapima bure, mara mbili kwa mdomo na mara ya tatu kwa kitako.

Najua jipu tatu zina gharama. Najua matairi manne ya mojawapo yangenunua aparei, na betri za mwaka mzima, na chenji ingebaki ya kumlipia mama yule maparachichi yake. Lakini mimi ni mchapaji, siwezi kumfundisha mkubwa hesabu.

Mengine ni madogo, naweza kuyataja nimesimama. Kila kamba ipewe ubao ulioandikwa SIMAMA, kwa lugha yoyote mtakayokubaliana. Karani atoe kalamu mdomoni. Betri namba 13 ziandikishwe kama bia, zifike kila kijiji. Siku ya Kusikia Duniani, tarehe 3 Machi, iliyochaguliwa kwa kuwa 3 na 3 zinafanana na masikio mawili, mwaka ujao muiadhimishe bila hotuba. Na kama kuna aliyeokota kwenye kamba yako kitu kama haragwe la kaki, tafadhali asilipande.

Nakala ya barua hii imekwenda kwa waliozoea kupata nakala.

Alhamisi nitakuwa tena mbele ya dirisha lako, benchi la kwanza, kofia nyekundu. Zamu yangu ikifika, msiniite kwa mdomo. Niguseni begani. La kushoto, tafadhali.