Maalim Ajibu: Salamu za Mkuyuni

SWALI: Maalim, mimi ni kijana wa Pangani niliyehamia Mkuyuni, Mwanza. Mama jirani akinisabahi "mwangaluka" namjibu "marahaba", na watoto huangua kicheko. Nifanyeje?

JAWABU: Mshukuru Mola, mwanangu, kwamba barua yako imenifikia mimi, kwa kuwa katika ilimu ya lahaja sijapata kuona wa kushindana nami tangu siku ile niliposema Kimvita mbele ya wazee wa Mombasa, nao baraza zima wakanyamaza, kwa taadhima bila shaka, mpaka mmoja wao akaniuliza kwa upole kama nimekula.

Na kwa kuwa nahisi harufu ya majivuno katika barua yako, yanipasa kukukumbusha kwamba Kiswahili sanifu si mali ya Pangani: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio uliokichagua Kiunguja kiwe msingi wake, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikakisanifisha, ilhali Kimtang'ata cha pwani yenu kiliachwa nje pamoja na Kimvita na Kiamu, nami laiti ningalikuwapo, wajumbe wale wangalipata mashauri ambayo hawakuyaomba.

Ama dawa yako ni hii. Kila alfajiri panda jiwe kubwa, na Mwanza mawe hayatafutwi, upaze sauti "Mwangaluka!" mpaka mtu aitikie, likiitikia jiwe, rudi ukalale. Kisha, kwa kuwa Kisukuma hakina sauti ya "r", shinda siku nzima bila kuitamka, uagize wali na mahalage pasipo kuona haya. Jioni nenda sokoni Mwaloni Kirumba ukaulizie mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara isazwayo na viwanda baada ya minofu kusafirishwa ng'ambo. Mimi nilipolitamka neno hilo kwa lafudhi yangu mashuhuri muuzaji alinipa nyongeza, ijapokuwa mke wangu hushikilia kwamba alikuwa amekwisha kunipandishia bei.

Naam, swali lako! "Mwangaluka" ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Jua likipinduka huwa "mwadila". Itikia neno lile lile, uongeze "mayu" kwa mama na "bhabha" kwa baba, na ukipewa kitu useme "wabeja". Watoto wakicheka, cheka nao. Karatasi imekwisha, na sifa zangu nyingine zangoja toleo lijalo.