Hadithi Ndefu Kuliko Vita

Kilichoniponza ni fulana. Rafiki yangu aliniambia kwamba kila anayejiandikisha kwenye mbio zile za Unguja anapewa fulana ya rangi ya machungwa, na akimaliza anavishwa medali. "Halafu njia inazunguka Mji Mkongwe," akaongeza. "Unakimbia huku unasoma historia." Historia naipenda. Kukimbia sikuwahi kuulizwa.

Mazoezi yangu ya miaka yote yalikuwa kukimbilia daladala Mbagala, Dar es Salaam, na mara nyingi daladala ndiyo iliyoshinda. Nikajiandikisha kilomita 10, nikapanda boti.

Usiku wa kuamkia mbio, wenzangu walikunywa maji wakalala mapema. Mimi saa nne nilikuwa Forodhani na bakuli la pili la urojo, nikijiambia kwamba mbatata zinaleta nguvu. Zinaleta, lakini hazikuniambia nguvu hizo zitaelekea wapi.

Alfajiri tukapanga mstari karibu na Ngome Kongwe. Waarabu wa Oman waliijenga ngome ile baada ya kuwatimua Wareno, ili adui asiingie. Nilipoona mapaja ya vijana waliosimama mbele yangu, nilitamani ijengwe nyingine kwa ajili yangu.

Tulipoachiwa, mita 200 za mwanzo nilikuwa katikati ya kundi. Baadaye kundi likawa mbele, na mimi nikawa na urojo wangu. Kijana mmoja akanipita huku akiniamkia kwa adabu, "Shikamoo mzee." Marahaba ikanikwama kooni. Nilikuwa na pumzi ya kukimbia au ya kuitikia, si zote mbili.

Hapo ndipo nilipoanza kuuelewa mji ule. Nyumba nyingi zina baraza za mawe nje, na kwenye baraza hakukosi watu. Dar unaweza kuwapita watu mia usimsalimie hata mmoja. Unguja, kupita baraza kimya ni kujitangaza kwamba hukulelewa. Basi kila kona "Assalaam alaykum," kila kona "Habari za asubuhi?" na mzee mmoja akataka na za nyumbani. Nikazitoa zote, watoto mmoja mmoja, huku nimeshika kiuno.

Mkunazini tu ndipo sikuona aibu ya kutembea. Pale, mahali lilipo kanisa la Waanglikana, palikuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Watu walifikishwa pale kwa minyororo, na mimi nilikuwa nimelipa ada ili nikimbie kwa hiari. Nilinyamaza nikapita taratibu.

Nilipoinua macho, hapakuwa na mkimbiaji hata mmoja. Palikuwa na vichochoro vitatu, kila kimoja kikipinda kabla hujajua kinakwenda wapi. Mara nikaona fulana ya rangi ya machungwa ikikata kona. Alhamdulillahi! Nikaifuata. Ikageuka kushoto, nami kushoto. Ikaongeza mwendo, nami nikaongeza, tena kwa kasi ambayo sikujua kwamba ninayo. Tukapita vespa, tukaruka paka, tukakatiza katikati ya wanywa kahawa waliotupisha bila kuuliza. Nikasema moyoni, huyu bila shaka anawania nafasi ya kwanza.

Mwisho akafika kwenye mlango mkubwa wa kuchonga wenye misumari ya shaba, ile ambayo huko Bara Hindi asili yake ilikuwa kuzuia tembo. Akaupa mgongo, mfuko wa mikate kifuani, akinitazama kama tembo mwenyewe.

"Bwana, nimekukosea nini? Tangu Mkunazini unanifukuza!"

Kumbe fulana ilikuwa ya mwaka uliopita. Yeye alikwenda kununua mikate. Alikimbia kwa sababu mimi nilikimbia, na mimi nilikimbia kwa sababu yeye alikimbia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zetu ziliishia mlangoni kwake.

Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema neno ambalo Mzanzibari halikosi hata kwa anayemfukuza: "Karibu chai."

Baba yake alikuwa barazani na kikombe chake. Aliposikia kwamba nimekuja kukimbia, akanipa habari za mkimbiaji mwenzangu. Agosti 1896 Sultani Hamad alifariki, Khalid bin Barghash akajitwalia kiti bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka kwenye kasri. Hakutoka. Manowari zikafyatua mizinga, na baada ya kama dakika 38 kila kitu kilikuwa kimekwisha. Vita vifupi kuliko vyote vinavyojulikana duniani, na Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani.

"Huyo alijua njia," mzee akasema, akinitazama viatu.

Nikatazama saa. Pamoja na chai, mkate wa kumimina na maelezo ya nani alikuwa mjomba wa nani, hadithi ya vita ilikuwa imechukua muda mrefu kuliko vita vyenyewe. Mbio nazo nilizisahau.

Nilifika Forodhani, mwisho wa mbio, wakati vijana wanakunja mahema. Aliyekuwa akifungasha medali alinitazama, akatazama saa, akanivisha moja kwa huruma. Sikukataa. Karibu yetu lilisimama Jumba la Maajabu la mwaka 1883, lililonusurika mizinga ya Waingereza, kisha sehemu yake ikaja kuporomoka Disemba 2020. Siku tatu baada ya mbio nilikumbuka jumba lile. Goti langu lilihimili mbio zote, likaja kuporomoka Jumatano, nikishuka ngazi za ofisini.

Khalid hatimaye Wajerumani walimtorosha kwa meli mpaka Dar es Salaam. Mimi nilikata tiketi ya boti, nikaelekea huko huko.

Fulana ninayo. Kila asubuhi ninapotumwa mikate, mke wangu ananiambia niivae. Siivai. Mtu akiifuata, mimi sina baraza ya kumkaribishia chai.