Safari ya Familia Ufipa Isiyo ya Msiba Wala Sendofu

Anza kwa kuitisha kikao. Familia ya Sumbawanga haiondoki nyumbani hivi hivi, na sababu zinazokubalika ni msiba, sendofu na mgonjwa. Ukitamka kwamba mnakwenda kuona ziwa, bibi atauliza nani kafariki huko ziwani. Mpe shikamoo yake, kisha mweleze taratibu kwamba wote wazima, mnakwenda kutazama tu. Atanyamaza, halafu atauliza kuku wanabaki na nani. Hapo ujue umeshinda. Tafuta jirani wa kuangalia kuku.

Sasa tazama tulivyobarikiwa. Uwanda wetu uko katikati ya maziwa mawili ya bonde la ufa. Magharibi ni Tanganyika, kina chake mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Mashariki ni Rukwa, ziwa la magadi lisilo na mto wa kutolea maji, kina chake mita chache tu. Mji wenyewe uko kwenye mita 1,800 hivi, karibu kilomita nzima juu ya maziwa yote mawili. Na bado mtoto wa mjini anaweza kumaliza shule anajua kuchora bonde la ufa kwa penseli na hajawahi kunawa mikono katika ziwa lolote kati ya hayo. Jambo hili linaniuma.

Waingereza wa kaskazini wana ziwa lao, Windermere, kubwa kuliko yote Uingereza: urefu kilomita 17, kina mita 64. Tanganyika ina kilomita zaidi ya 670, hivyo Windermere ingetosha kuwa ghuba yake moja. Lakini Windermere inajaa familia kila mwaka, kwa sababu mapema kabisa walipatikana watu wa kuwaelekeza wenzao. Mshairi Wordsworth, mwenyeji wa huko, alichapisha mwongozo wake wa maziwa ya huko mwaka 1810. Reli ikafika 1847, ingawa yeye mwenyewe aliipinga. Sisi lami tunayo, kutoka Tunduma hadi mjini na kutoka mjini kupita Matai hadi Kasanga. Kinachokosekana ni mtu wa kusema kata kona hapa, nunua samaki pale.

Kwa hiyo: ondokeni mwishoni mwa mwezi wa tano au mwezi wa sita. Mvua imekatika, barabara za vumbi zimekauka, maji ya mito bado yapo. Asubuhi ya Sumbawanga itawatetemesha meno, kwa hiyo masweta ni lazima, lakini yavaliwe juu ya fulana, maana mkishuka ziwani mtayavua yote. Mjomba anayesafiri na koti la suti aachwe nalo, atajifunza Kasanga.

Maporomoko ya Kalambo yawe ya kwanza. Mkishapita Matai, mtaacha lami kuelekea Kapozwa. Lipieni kiingilio kwa kontroli namba mapema, kabla mtandao haujawakimbia, na risiti itunzwe. Upande wetu kuna ngazi za kushuka. Kushuka kila mtu ni shujaa. Kupanda ndipo mtakapojua nani alikula vitumbua vingi njiani. Shangazi ashuke polepole na asiharakishwe na mtu. Maji yanaanguka mara moja, bila kugusa jabali katikati, zaidi ya mita 220, ambayo ni mara mbili ya Victoria. Waambie watoto watazame kwenye genge: korongo wale wakubwa wenye vipara hujenga viota humo. Mto ndio mpaka na Zambia, kwa hiyo mtoto asiambiwe avuke kuchuma ua.

Hapo wakalishe watoto wote uwape habari hii. Juu ya maporomoko, upande wa Zambia, watafiti walioongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walichimbua magogo mawili yaliyochongwa na kupachikana. Mwaka 2023 walitangaza kwamba yana umri wa angalau miaka 476,000. Ina maana kuna fundi aliyepachika mbao hapa kabla binadamu wa aina yetu hajatokea. Watu wa Liverpool wamelifuata jambo hilo kutoka kaskazini ya Uingereza. Wewe wa Sumbawanga utasingizia umbali?

Kasanga, nunueni migebuka. Usimwachie kijana wa simu kazi hii. Inua kifuniko cha shavu la samaki: ndani kuwe kwekundu kwelikweli, na jicho liwe limejaa, halijazama. Achomwe na ndimu, ugali uwe wa moto. Hapo ndipo palipokuwa Bismarckburg ya Wajerumani, na magofu ya boma lao yapo. Juni 1916 Waingereza waliiteka, lakini askari wa Kijerumani walikuwa wameshatoroka kwa mitumbwi. Mkipanda boti, kila mmoja avae jaketi la kuokolea, hata mwenye kujisifu kuogelea. Upepo wa Tanganyika haujui sifa za mtu.

Mkirudi uwandani, ulizeni wazee wa vijijini malungu yako wapi. Ni matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma, marefu kuliko mtu. Kwa mbali utadhani vichuguu. Tundu za chini ziliingiza upepo wenyewe, bila mivukuto. Mivukuto ilitumika baadaye katika kitanuru kidogo, kintengwe, cha kusafishia chuma. Watoto wasiyapande. Yaliyobaki ni machache, na mvua inayala kila mwaka.

Bonde la Rukwa liwe siku nyingine. Barabara ya Muze inapita kwenye msitu wa Mbizi, wenye mbega wekundu, kisha inashuka kwa kona. Dereva atumie gia ndogo, breki azipumzishe. Ziwani mkale magege, lakini asioge mtu: mamba wapo.

Kama mna mgeni wa Dar, kufika Laela atakuwa ameshauliza bei ya radi, maana amesikia kwao kwamba huku radi huuzwa. Mwambieni radi haiuzwi. Uwanda wa juu hupigwa na radi nyingi msimu wa mvua, na ulinzi wake ni kukaa ndani na kuachana na miti mirefu. Akiendelea, apewe kazi ya kubeba maji ngazini Kalambo.

Mtoto mmoja mwenye mwandiko mzuri apewe daftari tangu mwanzo. Aandike kona za kukata, maji ya kunywa yanapopatikana, bei za samaki na jina la kila kijiji. Shule ikifunguliwa, daftari liende kwa mwalimu wa jiografia, litolewe nakala kabla halijapotea.