Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu: Ninaomba Siku za Njia

Kolwezi, tarehe 3 Novemba 2025

Kwa Mheshimiwa Bwana Mkurugenzi Mkuu
wa kampuni ya machimbo ninayoitumikia,
Kolwezi, Jimbo la Lualaba

KUHUSU: OMBI LA KUONGEZEWA LIKIZO YA MWISHO WA MWAKA

Mheshimiwa Bwana Mkurugenzi Mkuu,

Ninajua majukumu uliyoyabeba ni mengi, na muda wako ni mali ya maelfu ya watu. Niwie radhi basi kwa kukuomba dakika chache za kusoma maneno ya dereva wako mmoja.

Nimekuwa dereva wa bene, lori kubwa la kubebea mawe, katika kampuni yako tangu mwaka 2014. Kwa miaka 11 nimeshusha bene tupu shimoni na kuipandisha ikiwa na mawe, zamu ya asubuhi, ya mchana na ya usiku. Kazi hii imenilisha, imenijengea nyumba ya matofali, na imenisomeshea watoto. Kabla sijaomba chochote, Mheshimiwa, pokea shukrani zangu. Aksanti sana.

Ninachoomba ni hiki. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mfanyakazi mtu mzima siku 1 ya likizo kwa kila mwezi aliofanya kazi, na inamwongezea siku 1 kwa kila miaka 5 aliyodumu kwa mwajiri mmoja. Kwa hesabu hiyo mimi nina siku 14 za kazi. Ninakuomba kwa unyenyekevu uniruhusu niziongezee siku nyingine zisizozidi 12, bila malipo, ili niondoke Jumatatu tarehe 15 Desemba na kurudi kazini Jumatatu tarehe 19 Januari.

Waswahili husema mficha uchi hazai. Kwa hiyo niruhusu nikueleze sababu bila kuficha.

Kwetu ni Sandoa, kwenye mto Lulua. Anayeitazama ramani akiwa ofisini ataona kwamba Sandoa na Kolwezi ziko katika jimbo moja, naye atakuwa sahihi. Lakini kutoka hapa unapita Mutshatsha, unafika Kasaji, kisha unaiacha reli na kushika barabara ya udongo kwenda kaskazini. Treni ya abiria si kitu cha kupangia safari ya siku chache. Malori yanakwenda, ila Desemba ni katikati ya mvua, na mvua ikishanyesha kwenye udongo ule mwekundu, ni barabara inayoamua utafika lini.

Baba yangu alifariki mwezi Februari, miaka miwili iliyopita. Kwa kifo cha mzazi, sheria inatoa siku 4, nami nilipewa siku hiyo hiyo bila swali. Nilipanda lori la mifuko ya saruji alfajiri ya Jumatatu. Mbele ya Kasaji tairi za nyuma zilizama hadi kwenye ekseli. Tulishusha mifuko yote, tukaifunika kwa majani na turubai, tukakata matawi na kuyapanga chini ya tairi, tukasukuma hadi giza likaingia. Usiku tulilala chini ya lori. Nilifika nyumbani Jumatano jioni. Watu wa kilio walikuwa bado wamekaa uani, lakini baba alikuwa ameshazikwa Jumanne, kwa sababu mwili haungeweza kusubiri. Niligusa udongo wa kaburi lake ukiwa mbichi, nikalala usiku mmoja karibu na mama, na asubuhi nikatafuta lori la kurudi. Hata hivyo nilichelewa kazini siku 2, nikakatwa mshahara wake. Sikulalamika wakati ule na silalamiki leo, Mheshimiwa, kwa kuwa sheria ilifuatwa. Nimekusimulia ili uone kwamba siku 4 za Kolwezi zinapofika Sandoa zinabaki usiku mmoja.

Tangu hapo sijarudi. Mara mbili niliomba likizo (konje) ndefu kupitia mkubwa wa zamu na ofisi ya wafanyakazi, na mara mbili nikajibiwa kwa adabu kwamba idadi ya siku haibadiliki. Kaburi la baba halijajengwa. Kilio chetu hakijamalizwa, kwa kuwa mimi, mtoto wa kwanza, sipo. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka 7, na bibi yake anamjua kwa sauti tu. Mtandao wa simu pale kijijini haushiki vizuri mpaka upande juu ya kichuguu kikubwa kilicho nyuma ya kanisa. Kila Jumapili, baada ya misa, mama anashikwa mkono na wajukuu na kupandishwa pale, na miguu yake sasa haina nguvu. Jumapili iliyopita alishindwa kufika juu. Nilimsikia akihema, nikasikia watoto wakimwambia akae. Simu ikakatika.

Mheshimiwa, ninaelewa kwamba mwaka huu haukuwa mwepesi kwa kampuni. Mwezi Februari serikali ilizuia kobalti kutoka nchini, na mwezi Oktoba ikaweka kiwango kilichopangwa cha kuitoa. Ndiyo maana nimechagua majira ambayo pengo langu litaonekana kidogo. Katika mvua kubwa njia za shimoni zinateleza na bene zinasimama kwa saa nyingi. Wenzangu wawili wa zamu wamekubali kugawana siku zangu, nami nitawalipa kwa kufanya zao wakati wa kiangazi. Majina yao yamo katika barua niliyoacha ofisini kwako.

Naomba pia nikumbushe jambo ambalo wakubwa wa machimbo ya huku walilitambua zamani. Mwanzoni, Union Minière, kampuni ya machimbo ya wakati wa ukoloni, ilichukua watu kwa mikataba mifupi, nao waliacha wake na wazazi mbali. Watu walichoka, wengine walitoroka, na kila mara ilibidi kutafuta wapya. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ile ilibadili njia, ikaanza kuwaleta wafanyakazi pamoja na wake na watoto kwenye kambi na kuwapa mikataba mirefu. Ilifanya hivyo kwa faida yake, kwani iliona kwamba mtu asiyetenganishwa na watu wake anadumu kazini. Na leo, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, kwa ndugu zetu wa Zambia wanaochimba shaba kama yetu, sheria ya mwaka 2019 inampa mfanyakazi siku 2 kwa kila mwezi. Tanzania inatoa siku 28 kwa mwaka.

Mimi siombi ubadilishe sheria, hilo ni la Bunge. Lakini sheria imeweka kiwango cha chini, na mkono wa mwajiri una ruhusa ya kupita pale. Ndiyo sababu nimethubutu kuiandika barua hii hadharani, kwa heshima ile ile ambayo ningeitumia nikiwa nimesimama mbele ya meza yako. Ombi langu ni la wengi. Tuko watu wa Sandoa, wa Kapanga, wa Dilolo, wa Kasai, wa Tanganyika. Karatasi ya konje inahesabu siku kuanzia langoni mwa kampuni, wakati wazazi wetu wanazihesabu kuanzia tunapotokea uani kwao. Kati ya hesabu hizo mbili kuna njia, na njia hiyo kwa sasa tunailipa kwa siku za kukaa na wazazi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Bwana Mkurugenzi Mkuu, ninakusihi mambo mawili. La kwanza, unikubalie siku zangu 12. La pili, ukipata nafasi, uielekeze ofisi ya wafanyakazi impe kila mtu ambaye kwao ni mbali siku za njia, za kwenda na za kurudi, hata kama ni bila malipo, zihesabiwe kando ya likizo yake.

Ukinikubalia, nitalijenga kwa saruji kaburi la baba, nitamwonyesha mama mjukuu wake, na Jumatatu tarehe 19 Januari, zamu ya asubuhi, nitakuwa kwenye bene yangu.

Pokea, Mheshimiwa, heshima zangu zote.

Mtumishi wako mtiifu,
Dereva wa bene, zamu ya pili
(Jina langu na namba yangu ya kazi viko ofisini kwako.)