Wali na Nini?

Katika maswali yote aulizwayo mtu ndani ya mikahawa ya mji wa Unguja, hakuna lililo jepesi kwa watu wote, na zito kwangu mimi, kuliko hili la mhudumu asimamaye na kitambaa begani: "Wali na nini?" Kwani wali peke yake, kwa itikadi ya watu wetu, si chakula bali ni ahadi ya chakula, na mtu auagizaye kisha akanyamaza hudhaniwa kuwa amefilisika, au amefiwa, au ana nia ya kutoka kwa mlango wa nyuma.

Nami kunyamaza huko nimeamrishwa na tabibu. Figo zangu, ambazo zimenitumikia kwa uaminifu tangu utotoni bila ya kudai likizo, zimechoka. Na kwa kuwa nyama, samaki, mayai, maziwa na jamii yote ya kunde, vikishasagika mwilini, huacha taka iitwayo yurea ambayo kazi ya kuitoa ni ya figo, ilipasa zipunguziwe mzigo. Tabibu akanipima uzito, akakuta kilo 70, akahesabu gramu 0.6 za protini kwa kila kilo, akaniandikia gramu 42 kwa siku, kisha akafunga kalamu yake. Mwenye figo nzima asiniige, maana hesabu hii hupimiwa kila mgonjwa peke yake. Ila nataka msomaji ajue ufinyu wake. Yai moja huchukua gramu 6, na kipande cha kuku aliyepikwa, cha gramu 100, huchukua takriban 30, kwa hiyo mtu akijisahau adhuhuri mbele ya robo ya kuku, jioni hana la kufanya ila kutembea pwani na kutazama bahari. Sisi tulikaririshwa skuli kwamba kuna vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kuulinda. Sikudhani hata siku moja kwamba nitakuja kuambiwa kuwa ujenzi umekwisha na mafundi waende zao.

Nyumbani sina taabu, kwa sababu mke wangu ana mizani, na mizani haina huruma. Taabu ni nje, ambako huruma ni nyingi kupita kiasi. Niliingia mkahawa mmoja siku ya Ijumaa, saa ambayo pilau hunukia hadi barabarani, nikamwomba mhudumu kwa adabu na kwa sauti ya chini aniletee pilau isiyo na nyama. Kijana yule, ambaye sina shaka kwamba alikuwa na moyo mwema, aligeuka akaunadi ujumbe wangu jikoni kwa sauti ambayo ingalitosha kuadhinia: "Pilau moja, nyama hapana, mzee mgonjwa!" Wateja wote wakaacha kula. Mmoja akanipa pole. Wa pili akanisifia habasoda kwa asali. Wa tatu akanihadithia kwa urefu na kwa furaha isiyofichika maradhi ya ami yake, mpaka mazikoni. Sahani ilipofika ilikuwa safi, haina hata mfupa, nami nikashukuru, nikapiga bismillahi, nikala kijiko cha kwanza na cha pili, na cha tatu kikagonga kitu. Nilipofukua nikakuta mapande ya nyama yaliyonona, yamelazwa chini ya wali kwa mpango. Mpishi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, akanikonyeza, akaja akaniinamia sikioni: "Kula tu, mzee wangu. Nimekufichia. Wala hutalipia."

Ni vigumu kumkasirikia mtu wa namna hii, na aghalabu ni vigumu zaidi kumfahamisha. Mkahawa mwingine nilikataa nyama, nikaletewa samaki. Nikakataa samaki, nikaletewa mbaazi za nazi, na kijana akajitenga hatua mbili, mikono nyuma, angojea kusifiwa. Nilipomweleza kwamba sahani ya mbaazi ina protini inayokaribia ya mayai mawili, alizitazama kwa muda mrefu, akasema: "Hata mbaazi, mzee, nazo siku hizi zinajidai nyama?" Muuza urojo wa Forodhani hakuuliza kitu. Nilimwambia aondoe mishkaki, akaondoa, kababu, akaondoa, yai, akaondoa, bajia, maana nazo ni kunde, akaziondoa pia, na bakuli lilipobaki na viazi, chembe za muhogo wa kukaanga na mchuzi wa embe mbichi, akanikabidhi kwa bei ile ile, na uso wake ukasema yote ambayo ulimi wake uliyasitiri.

Nimesoma kwamba tabibu mmoja wa Kijerumani, Walter Kempner, aliyehamia Marekani na kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Duke, alianza mwaka 1939 kuwatibu wagonjwa wa figo na wa shinikizo la damu kwa wali, matunda na sukari, wasipate protini zaidi ya gramu 20 hivi kwa siku, na jina lake likavuma. Lau angalifungua hospitali yake Darajani, naapa asingalifika Jumatano: wapishi wangalimshinda nguvu.

Sasa nimepata tadbiri. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu asiyeijua figo yake iko upande gani, hufuatana nami kila nilapo nje. Mimi huagiza biriani ya kuku kwa sauti ya mtu mzima wa afya, mhudumu huondoka ameridhika, na kwa kuwa wali wa biriani hupikwa mbali na masala yake, mimi huuchukua wali na kijiko kimoja cha rojo, na kuku wote huvuka meza akaungane na kuku wa shemeji. Ninayelipa ni mimi. Amenenepa sana, Mungu amzidishie, na amekuwa mtu wa kwanza kunipigia simu nitokapo kwa tabibu. Mwezi uliopita nilimpa habari kwamba vipimo vimeanza kutulia, na kwamba huenda nikaongezewa gramu kadhaa. Alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti hafifu, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama nina hakika vipimo vile havikuchanganywa na vya mtu mwingine.