Sifa za Usumbufu wa Ringi Mpya

Watu husifu gari jipya, na wengine husifu injini ya mtumba iliyoshushwa bandarini ikiwa bado imefungiwa kwenye mbao. Mimi nasifu kipindi ambacho sijasikia mtu akikitaja kwa wema: kilomita 1,000 za mwanzo baada ya injini kuukuu ya dizeli kuvalishwa ringi mpya za pistoni. Gari hutoa moshi. Hunywa oili. Halitaki kukimbizwa, na kubembelezwa pia halitaki. Mwenye gari amekwisha kulipa fundi, amekwisha kulipia vipuri, na bado hana raha. Kipindi hicho kinastahili heshima, kwa sababu kila kero yake ina chanzo ndani ya chuma, na chanzo hicho hakidanganyi.

Tuchukue injini ya Toyota 3L, ile iliyobeba Hiace na Hilux nyingi katika barabara zetu. Ina silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,779. Kipenyo cha silinda ni milimita 96, na pistoni husafiri milimita hizohizo 96 kutoka chini hadi juu. Haina plagi za kurusha cheche. Huibana hewa zaidi ya mara 20 mpaka ipate moto wa kuwasha dizeli inayonyunyizwa na nozeli. Maana yake ni kwamba hewa ikivuja, hakuna moto, na walinzi wa hewa hiyo ni ringi. Kila pistoni ina tatu: mbili za juu huzuia pumzi isipite, ya tatu hukwangua oili ukutani na kuirudisha chini. Zikichoka, utaweka hita asubuhi mpaka betri nayo ichoke. Injini itaanza kupumua, kama wasemavyo mafundi: fungua mfuniko wa oili ikiwa inaunguruma, uone moshi unavyorushwa usoni. Na nyuma ya gari utaacha wingu la bluu.

Ringi yenye mkato, inayojitanua yenyewe ikiwekwa ndani ya silinda, ilitoka kwa John Ramsbottom, mhandisi wa reli wa Uingereza, katika miaka ya 1850. Aliitengeneza kwa ajili ya injini za mvuke. Kabla yake pistoni ziliwahi kuzungushiwa kamba za katani ili zisivuje. Wazo lake limeingia hadi ndani ya Hiace likiwa limebadilika kidogo sana: kipande cha chuma cha mviringo, chenye pengo dogo linalopimwa kwa fila geji. Mapengo ya ringi tatu hayapangwi kwenye mstari mmoja, yasije yakafungulia hewa njia ya mkato.

Usumbufu huanza kabla injini haijawashwa. Silinda iliyofanya kazi miaka mingi haiwi duara kamili tena, na huliwa zaidi sehemu ya juu, pale penye moto mkali. Juu kabisa, mahali ambapo ringi ya zamani haikufika, hubaki ukingo. Ringi mpya ina kona kali, hupanda juu kidogo kuliko ile iliyochakaa, ikaugonga ukingo huo na kuvunjika. Kwa hiyo ukingo lazima ukwanguliwe, silinda ipimwe, na ikiwa imeliwa kupita kiasi ipanuliwe au ivalishwe slivu. Hapo fundi anayemjali mteja humwambia jambo asilopenda kusikia: bei inapanda na gari litalala gereji. Anayekubali kuchomeka ringi mpya bila kupima chochote humfurahisha mteja kwa wiki chache tu.

Kisha silinda inakwaruzwa, tena kwa makusudi. Ukuta uliong'arishwa na miaka ya pistoni kupanda na kushuka hauwafai wageni. Fundi huingiza mawe ya kusugua yanayozunguka huku yakipanda na kushuka, na ukuta unabaki na michirizo inayokatizana kama msuko wa mkeka. Vilele vya michirizo hiyo ndivyo vitakavyoliwa pamoja na uso wa ringi mpaka viwili hivyo vilingane. Mabonde yake yatahifadhi oili kwa maisha yote yaliyobaki ya injini. Kazi hiyo ya kulana kwa kipimo haiwezi kumalizwa na fundi juu ya meza. Sehemu ya mwisho ya matengenezo hufanywa barabarani, na mwenye gari ndiye fundi wake. Kuna kazi chache ambazo mtu asiyejua kushika spana hukabidhiwa hatua ya mwisho, na hii ni mojawapo. Kwangu hiyo ni heshima kubwa kuliko kukabidhiwa funguo za gari lililokamilika.

Hapa ndipo inapokuja kero ninayoipenda kuliko zote: ringi mpya hazikubali huruma. Imeenea desturi ya kuiwasha injini iliyofanyiwa ovahoo na kuiacha sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, saa nyingi, hata usiku kucha, ili eti izoee taratibu. Nia ni njema, lakini injini inaumia. Ringi yenyewe ina nguvu ndogo ya kujitanua. Kinachoibana ukutani hasa ni pumzi ya moto inayopenya nyuma yake, ndani ya mfereji wa pistoni, na kuisukuma nje. Dizeli ikiwa sailensa hudungwa mafuta kidogo mno, kwa hiyo msukumo huo ni dhaifu. Ringi huteleza juu ya oili bila kukwangua. Oili inayobaki ukutani huungua na kuwa ganda jembamba linalong'aa, likijaza mabonde ambayo fundi alihangaika kuyachora. Ganda hilo likishakamata, silinda inakuwa laini tena na ringi hazitakaa vizuri. Injini iliyolelewa kwa upole wa namna hiyo hunywa oili mpaka mwisho wake.

Inachotaka ni kazi ya kadiri, yenye kupanda na kushuka. Iwashwe, ikaguliwe haraka kama oili inapanda na maji hayavuji, kisha iingie barabarani. Ikishapata joto, iwekwe gia ya tatu au ya nne, ikanyagwe mafuta kwa uzito kutoka mwendo mdogo hadi wa kati, halafu mguu uinuliwe na gari liachwe lijipunguze lenyewe kwa gia. Kisha tena. Kisha tena. Abiria watachoka, na wana haki ya kuchoka. Isilazimishwe kupanda kwa gia kubwa huku ikitetemeka, wala isizungushwe mpaka ipige kelele. Tela lisifungwe nyuma. Mshale wa joto uangaliwe kila mara, kwa sababu ringi ambazo hazijazoea hukwaruza, na kukwaruza ni joto. Ukitaka kujua ukubwa wa kazi inayofanyika humo, piga hesabu: kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, pistoni moja ya 3L husafiri karibu kilomita 23 kwa saa, yote hayo kwa hatua zisizozidi urefu wa kiganja.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam masharti haya ni mazito, maana jiji zima limejengwa juu ya kusimama sailensa. Foleni ya jioni ni sumu kwa ringi mpya. Hivyo kipindi hiki humwamsha mtu kabla ya alfajiri, kikamtoa Gongo la Mboto na kumpandisha Pugu hadi Kisarawe barabara ikiwa tupu, na kumrudisha mjini wengine wakianza kupiga honi. Mwenye siku nzima atakwenda Chalinze na Morogoro. Mwenye bahati ya kuishi Mombo ana barabara ya Soni na Lushoto, ambayo ingeweza kuchorwa na mtu aliyekuwa akifikiria ringi tu: mlima unaobana pumzi wakati wa kupanda, na mteremko wa kurudi na gia bila kukanyaga mafuta. Nimewasikia watu wakiilalamikia barabara ile kwa kona zake. Wenye ringi mpya hawana sababu ya kulalamika.

Oili nayo ina masharti ya kuudhi na ya haki. Kwa kipindi hiki haitakiwi ile ya gharama kubwa iliyotengenezwa maabara, kwa sababu utelezi wake unaweza kuzuia ringi na ukuta visikwanguane. Inatakiwa oili ya kawaida ya madini, 15W-40 ya dizeli, bila dawa yoyote ya kuongezea. Halafu, baada ya kilomita 500 hivi, ikiwa bado inaonekana ina nguvu, inamwagwa yote pamoja na filta. Hili huwauma watu sana. Lakini imwage ikiwa ya moto, juani, uitazame ndani ya beseni: kuna vumbi la chuma linalometameta. Vumbi hilo ni vilele vya ukuta na ngozi ya ringi. Kuibakisha oili ile ni kuiagiza injini isage beringi zake kwa mchanga wake yenyewe. Fedha ya kumwaga oili ya kilomita 500 ndiyo bora kuliko zote zilizotumika katika matengenezo yale, na ndiyo ya kwanza kukatwa na mwenye gari.

Moshi wa siku za mwanzo sitaki kuuombea radhi. Sehemu yake ni oili ya kufungia injini inayoungua, sehemu ni oili ambayo ringi ya tatu bado haijajifunza kuikwangua. Majirani watauliza kama umetapeliwa. Waambie ukweli: kazi haijaisha. Uingereza ya miaka ya 1950 ilikuwa na adabu nzuri kuhusu jambo hili. Gari jipya lilibandikwa karatasi kwenye kioo cha nyuma ikisema injini inazoezwa, tafadhali pita, na walio nyuma wakapita bila kinyongo. Magari yetu hubeba maandishi ya kila aina nyuma yake, kuanzia dua hadi mafumbo. Nafasi ya karatasi hiyo ipo, na ningependa kuiona kwenye Hiace inayokohoa pale Kimara, ili dereva aliye nyuma ajue kwamba yule mbele yake hachezi wala hajashindwa. Anamalizia kazi ya fundi.

Dalili za mwisho huja bila sherehe. Kijiti cha oili huonyesha alama ileile wiki hii na wiki ijayo. Wingu la bluu hupungua hadi halionekani. Asubuhi injini hukubali hita moja. Ukifungua mfuniko wa oili, mkono unahisi pumzi ndogo tu. Ringi zenye kromu usoni huchukua muda mrefu zaidi kuliko za chuma kitupu, kwa hiyo mwenye nazo asikate tamaa mapema. Na kama kilomita zimepita nyingi, milima imepandwa, oili imemwagwa, na bado kijiti kinashuka na moshi upo, hakuna dawa ya chupa itakayoziketisha ringi. Injini itashushwa, silinda zitakwaruzwa upya, ringi nyingine zitanunuliwa, na kilomita 1,000 zitahesabiwa kuanzia sifuri.