Kiazi Kimesajiliwa, Mwandiko Bado

Kwa Unicode Consortium, wasajili wa herufi na alama za kompyuta,
California, Marekani.

YAH: SHUKRANI KWA KIAZI NA PARACHICHI

Waheshimiwa,

Sisi ni wauza viazi wa Makambako. Mwaka 2016, katika toleo lenu la 9.0, mlikipa kiazi mviringo, kama emoji, namba yake ya kudumu, U+1F954. Parachichi la Njombe, mkoa wetu, nalo likapata U+1F951. (Njombe hamkuitaja, ila tunajijua.) Tangu hapo mteja wa Dar es Salaam akitaka mzigo hahangaiki kuandika: anatuma kiazi, namjibu kwa dole gumba. Toleo hilohilo liliingiza Adlam, mwandiko wa Kifulani uliobuniwa na ndugu wawili wa Guinea mwishoni mwa miaka ya 1980. Walisubiri robo karne na ushee, wakaingia mlango mmoja na kiazi.

Sasa kuna jirani yetu wa Kongo. Wabeladio Payi alibuni mwandiko wa Mandombe mwaka 1978, kwa kutazama mistari iliyo kati ya matofali ya ukuta. Maumbo mawili tu, moja kama 5, jingine kama 2. Yageuze kulia, kushoto, juu, chini, upate silabi za Kikongo, Kilingala, Tshiluba, na hata Kiswahili hiki ninachowaandikia. Waumini wa Kanisa la Kimbangu wanaufundisha. Pendekezo la kuusajili lilishafika mezani kwenu. Mzee alifariki mwaka 2013; mwandiko wake ungali foleni.

Nasikia kikwazo ni huko kugeukageuka: herufi inambeba mwenzake mgongoni, kompyuta haijui ikate wapi. Nawaelewa. Hata huku tuna lumbesa, gunia lenye kilemba, limepigwa marufuku mara nyingi na kila msimu linapanda lori. Likishindikana kupimwa, linapakiwa hivyohivyo. Nanyi nafasi mnazo zaidi ya milioni 1.1, mlizogawa kwa herufi na alama hazijafika laki mbili.

Wakati mkitafakari, mtu wa Mandombe anaandika karatasini, anapiga picha, anatuma. Picha hiyo hutafuti neno ndani yake, wala husahihishi kosa bila kuandika upya ukurasa mzima.

Nimeona pia mnapokea wafadhili wa alama, kuanzia dola 100. Nilitaka kufadhili herufi moja ya Mandombe, lakini kisichosajiliwa hakifadhiliwi. Basi nipeni kiazi. Naomba na risiti, TRA, watoza kodi wetu, wanatuhimiza kudai. Jina la mlipaji liandikwe kwa Mandombe.

Wenu,
Muuza viazi, Makambako